Huku Hatuanzi na Kulia

Harufu ya lami iliyochomwa na jua, ikichanganyika na harufu ya ndagala walioanikwa kando yake, ndiyo inayonirudisha Gatete ya utoto wangu, hapa Burundi, kuliko picha yoyote. Ndagala, wale samaki wetu wadogo wa ziwa Tanganyika, walitandazwa juu ya nyavu kuukuu karibu kabisa na barabara, na kila lori lilipopita, upepo wake uliwainua wale wa juu waliokwisha kukauka, wakaruka kidogo, wakaanguka tena. Kabla ya lori kuonekana, ulisikia kwanza mlio wa matairi, mlio mrefu kama wa kitambaa kinachochanika mbali. Ukisikia hivyo, ulikuwa na muda wa kuvuta pumzi tu. Tangu tumzike Mama, wiki chache zilizopita, harufu ile hunisimamisha kila asubuhi. Mimi nilisoma hadi darasa la sita na sina maneno ya mapambo. Nitaeleza tu ule msimu wa mvua tuliporudi kutoka Tanzania, jinsi barabara ilivyotutisha, na jinsi Mama alivyotuvusha.

Mimi na mdogo wangu Anjela tulizaliwa katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania. Wazazi wetu walifika huko wakiwa watoto, wamebebwa mgongoni, kwa hiyo Burundi waliijua kwa kusimuliwa. Barabara ya huko ilikuwa ya udongo mwekundu. Gari lilikuwa jambo la kutokea leo na lisitokee tena kwa siku nyingi, na kabla halijafika uliona vumbi lake likipanda juu ya miti, likitembea kuja kwako polepole kama moshi wa jiko. Mama alikuwa akiliona vumbi hilo anaanua nguo kwenye kamba bila haraka, anatuita, anafunga mlango, ndipo gari linapita. Hatukuwa na sababu ya kuogopa kitu kilichotuma taarifa mapema namna hiyo.

Hata hivyo shuleni walitufundisha kuvuka barabara. Mwalimu alichora mistari ya chokaa kwenye uwanja wa mpira, akasema hiyo ndiyo pundamilia, akatupanga wawili wawili tukishikana mikono. Mtoto mmoja alijifanya basi. Sisi tulisimama ukingoni na kuimba kwa pamoja, "Tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kama hakuna gari, vuka." Baba aliupenda wimbo ule. Yeye alikuwa mkulima wa tumbaku na hakupata shule, na kila tulicholeta kutoka darasani alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgeni. Jioni alituambia tumwimbie, naye akajifunza. Akienda kisimani alisimama kwenye njia ya ng'ombe, akageuza shingo kulia, kushoto, kulia tena, kisha akavuka kwa madaha huku Mama akimwambia, "Baba Spesi, hapo umeponea chupuchupu kugongwa na kuku." Spesi ni mimi. Jina langu kamili ni Spesioza.

Siku za kurudi zilipofika, tulielezwa mambo mengi. Tulielezwa tutapewa majembe, mahindi na maharage, tusisahau vyeti vya watoto, na tukifika tusiwagombeze waliokaa kwenye mashamba ya wazee wetu. Mambo yale yalisemwa kwa kipaza sauti na yakarudiwa. Kuhusu barabara hakuna aliyetuambia lolote. Sidhani mtu alificha. Nadhani waliolijua hawakuona kwamba ni jambo la kumwambia mtu.

Tulipewa sehemu ya shamba la babu upande wa mlimani, katikati ya michikichi. Nyumba yetu ya matofali mabichi ilikuwa juu kidogo ya barabara, na ukisimama mlangoni uliona lami, kisha mwalo wa wavuvi, kisha ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Shule, kanisa, bomba la maji na soko dogo la samaki vilikuwa chini, ng'ambo ya lami. Kila tulichohitaji kilikuwa ng'ambo. Siku ya kwanza Baba alitushika mikono, mmoja huku mmoja huku, akatuteremsha hadi ukingoni. Akageuza shingo yake kulia, kushoto, kulia tena. Tukavuka. Baba akatazama nyuma kule tulikotoka kama mtu aliyevuka mto, akacheka. "Mmeona? Elimu haiozi," alisema.

Watoto wa pale walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa shule wakitutazama. Walituita Watanzania, na waliokuwa na maneno zaidi walituita marapatriye, yaani waliorudishwa. Mmoja akapiga kelele, "Watanzania, mnatafuta nini kule Bujumbura? Gari inatoka kwenu." Wengine wakacheka. Sikuelewa mzaha ule. Niliona tu kwamba wao walipovuka waligeuza vichwa upande mwingine, nikafikiri ni utundu wa watoto wasiofundishwa. Baba naye alifikiri hivyo hivyo. Alisema, "Waacheni. Hawajaimbishwa."

Tulivuka hivyo kwa wiki kadhaa na hatukugongwa, na hilo hunitisha leo kuliko nilivyotishika wakati ule. Kila asubuhi tulitazama upande usiofaa kwanza na upande usiofaa mwisho. Upande wa hatari tuliutazama katikati tu, haraka haraka, kama mtu anayesalimia jirani asiyempenda. Kisha Baba alimalizia shingo yake kulia, akaona lami tupu, akatuvuta.

Asubuhi ile Baba alitangulia. Alikuwa anakwenda mwaloni kununua ndagala kabla wachuuzi hawajawamaliza, na sisi tulikuwa tunateremka na Mama nyuma yake, kwa sababu Anjela alikuwa amekataa kuvaa viatu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na lami ilikuwa nyeusi, inatoa mvuke. Nilimwona Baba akifika ukingoni. Akasimama. Wengi waliokuwa pale walikuja kulishuhudia hilo baadaye, kwamba yule mtu alisimama na alitazama. Alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Upande wa kulia hakukuwa na kitu, ila mbuzi mmoja amefungwa kando. Baba akaingia barabarani akiwa bado ametazama huko, na lori lililotoka upande wa pili, wa Nyanza-Lac, likamchukua. Honi ilisikika baada ya kishindo, au ndivyo masikio yangu yalivyoipanga. Mama aliniziba macho kwa kiganja chake, lakini niliona kati ya vidole.

Aliyemfunika Baba alikuwa Mama Riziki, mchuuzi wa ndagala, mama wa Kongo aliyehamia pale kutoka ng'ambo ya ziwa miaka mingi kabla yetu. Alifungua kitenge chake cha juu akamfunika, akabaki na gauni la ndani mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kumtazama vibaya. Dereva alikaa chini kwenye mchanga, ameshika kichwa, akisema kwa Kirundi kwamba mzee alikuwa anatazama pembeni. Watu wakamjibu kwamba ndiyo, waliona.

Tulimzika. Baada ya siku za msiba, Mama Riziki alipanda kwetu na kapu la ndagala, akakaa chini kwenye mkeka. Kisha akamwuliza Mama jambo ambalo nilidhani ni la kupitisha mazungumzo.

"Mama Spesi, kule kwenu Tanzania, motokari zinapitaka mukono gani?"

Mama akasema hakuelewa.

"Barabara iko na pande mbili. Kule, gari inayokuya karibu na weye inatokea wapi?"

Mama aliweka chini kikombe. Alinyoosha mikono yake mbele kama mtu anayepima kitambaa, akaitazama, mmoja, kisha mwingine. "Inatokea kulia," alisema.

"Huku inatokea kushoto. Na kwetu Kongo ni vile vile. Nilimwona bwana yako kila siku akiangalia kule, nikasema labda anaangaliaka mutu wake. Sikujua."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama barabara zaweza kuwa za namna mbili. Mama Riziki akasema zaweza. Mama akauliza nani alipanga hivyo. Mama Riziki akasema hajui, alizikuta. Nilikuwa nimekaa mlangoni na Anjela amelala mapajani mwangu, na nakumbuka kwamba ule wimbo wa shule uliniingia kichwani wenyewe na sikuweza kuuzima.

Kuanzia hapo Mama aliifunga barabara. Nasema aliifunga kwa sababu kwetu ilikuwa kama imefungwa kweli. Hakutuacha tuteremke kupita mchikichi wa mwisho. Maji alichota kwenye chemchemi ya mlimani, yenye matope, ambayo wenyeji waliwanyweshea mbuzi. Sare zetu alizifua, akazikunja, akaziweka kwenye sanduku. Lori lilipopita chini, mikono yake iliacha kazi iliyokuwa ikifanya, ikasubiri mlio upotee, ndipo ikaendelea. Mimi nami nilianza kuogopa namna hiyo hiyo. Nikisikia matairi nilikimbilia ndani. Anjela alikuwa akijificha nyuma ya mtungi. Tukaishi kama watu wanaokaa juu ya ukingo wa mto wenye mamba, na chini yetu tuliwaona watoto wengine wakienda shule na kurudi, wakicheza, wakivuka huku na huko bila kitu.

Direkteri wa shule alituma mtu kuuliza. Mama akajibu, "Mwambie shule iko ng'ambo." Yule mtu akasema kila mtu anajua shule iko ng'ambo. Mama akasema, "Basi anajua kwa nini." Mchungaji alikuja akaomba nasi, akarudi. Mwisho alikuja Mama Riziki tena, akihema kwa kupanda, na safari hii hakuleta upole.

"Hawa batoto utawafungia huku mupaka lini? Wakikua utawaoza kwa michikichi?"

"Bora waolewe na michikichi kuliko wafe," Mama alisema.

"Michikichi haitoe mahari."

Mama alitaka kukasirika, nikaona mdomo wake umekataa. Mama Riziki akaendelea taratibu. Alisema barabara haimchukii mtu na haimpendi mtu. Alisema yeye amekaa kando yake na ndagala wake miaka yote ile, na anajua tabia zake kama anavyojua tabia za mume wake, na kama Mama anataka aje akae naye aitazame. "Usivuke," alisema. "Kuya tu, ukae."

Mama aliteremka kesho yake. Alituacha kwenye mchikichi wa mwisho, tukimwona. Na kwa kuwa Mama Riziki siku hizo alianika upande wetu, Mama hakuhitaji kuvuka. Alikaa kwenye kiroba kilichogeuzwa, kanga yake imefunika mabega, akaitazama barabara kutwa nzima, na siku iliyofuata, na nyingine. Aliitazama kama mtu anayejifunza kusoma akiwa mzima, midomo ikicheza. Jioni alitueleza alichokiona. Mwanzoni alieleza kwa woga, baadaye kwa namna ya ukali, kama mtu aliyempata mwizi.

Alituambia kwamba lori huku lina mkia. Waendesha baiskeli waliobeba madumu ya mawese hulishika lori nyuma kwa mkono mmoja ili liwavute, kwa hiyo lori likishapita usiingie barabarani, ngoja mkia wake wote uishe, maana baiskeli haina mlio. Alituambia tusivuke kwenye kona ya mwamba, hata kama njia ya mkato inaangukia pale, kwa sababu dereva hatuoni na sisi hatumwoni. Twende mbele mpaka pale tunapoona lami pande zote mbili. Darajani hakuna pa kujibana, kwa hiyo tusivuke juu ya daraja wala tusisimame juu yake. Ukishuka kwenye hiyasi, lile basi dogo la abiria, usipite mbele ya pua yake, ngoja iondoke, kwa sababu yenyewe ni ukuta na nyuma ya ukuta hujui kuna nini. Na tusimtazame dereva amekaa upande gani, kwa kuwa magari mengine ya huku usukani uko kulia na mengine kushoto, na ukifuata usukani utapotea.

Kisha kulikuwa na ile kubwa. Alituteremsha hadi ukingoni asubuhi moja, mimi mkono huu, Anjela mkono ule, kama Baba alivyofanya. Hatukuwa tumefika pale tangu siku ya maziko. Ndagala walikuwa wameanikwa, jua lilikuwa limeanza kuchoma, na ile harufu ilipanda. Anjela akaanza kulia, na katikati ya machozi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kufanya akifika ukingoni, akaanza kuimba wimbo wa shule. "Tazama kulia..."

"Hapana," Mama alisema. "Huku hatuanzi na kulia."

Anjela akanyamaza. Akamtazama Mama juu, pua inatiririka. "Kulia gani?" aliuliza.

Mama akafikiri. "Zote," alisema.

Nyuma yetu Mama Riziki alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama hakucheka. Alimpangusa Anjela pua kwa ncha ya kanga, akasema twende pamoja naye. "Kushoto. Kulia. Kushoto tena." Akatuambia kwamba ukienda ziwani, kushoto ni kule tulikotoka, kule Tanzania. Ukirudi nyumbani, kushoto ni Bujumbura. Ndipo nikauelewa mzaha wa yule mtoto wa ukutani. Gari linatoka kwenu. Alikuwa ametuambia ukweli kwa njia ya kututania, na hatukuujua.

Niliona jambo jingine asubuhi ile. Mama aliposema kushoto, kichwa chake kilikuwa kimekwisha kwenda kulia. Shingo yake haikumsikiliza. Ilibidi airudishe kama unavyomrudisha ng'ombe anayejua njia ya zamani. Kwa hiyo alikuwa anasema maneno yale kwa sauti kila mara, hata akiwa peke yake, hata alipokuwa mtu mzima sana na vijana wakimcheka kuwa bibi anaongea na lami. Hakuwa anatukumbusha sisi. Alikuwa anaiamrisha shingo yake.

Wiki ile ile alitupeleka Rumonge mjini, siku ya soko kuu. Alitaka kununua kamba na chumvi, lakini nafikiri alitaka pia kutujaribu, au kujijaribu. Pale mbele ya soko palikuwa na mistari myeupe, ile pundamilia niliyoijua kwa chokaa tu. Mama alipoiona alipumua. Tulifundishwa kwamba kwenye mistari gari husimama, na naye alikuwa amelisikia hilo kutoka kwetu. Tulisimama. Kushoto, kulia, kushoto tena. Probox moja ilikuwa inakuja kutoka kushoto, imejaa watu na ndizi juu, na kweli ikasimama. Dereva akatoa mkono dirishani akatupungia, "Piteni, mama, piteni." Mama akamjibu, "Murakoze," asante ya Kirundi, kwa adabu, akainamisha kichwa kidogo, tukaingia.

Tulipofika kwenye pua ya ile Probox, Mama alisimama ghafla. Nilikuwa nimekwisha kunyanyua mguu, akanivuta mkono mpaka bega likauma. Yule dereva akapunga tena, sasa kwa kukosa subira, na watu ndani wakasema huyu mama vipi. Mama hakumtazama. Alisema, "Tena," kwa sauti ya chini, akachungulia kushoto nje ya ubavu wa gari, kama unavyochungulia nje ya mlango. Hiyasi moja ilikuwa inaipita Probox kwa kasi, kwenye ile nusu ya barabara tuliyokuwa tunaiendea, haikuona kilichomsimamisha mwenzake. Ilipita karibu kiasi kwamba kanga ya Mama ilivutwa na upepo wake ikamtoka begani. Ndizi moja ilianguka kutoka juu ya Probox. Dereva aliyekuwa akitupungia aliweka mkono wake chini, polepole, juu ya mlango.

Hatukuendelea wala hatukurudi kwa muda. Mama alitushikilia kwenye kiuno chake. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia kulikokuwa na moto moja, yaani pikipiki, ikija, akaingoja, akatazama kushoto tena, tukamaliza kuvuka. Tulipofika ng'ambo aliketi kwenye ngazi ya duka la mtu. Mwenye duka akamletea maji. Akanywa, akatutazama mmoja mmoja, kama anahakikisha tumetimia.

"Hilo 'tena' ni la baba yenu," alisema. "Mengine nimeyageuza, hilo nimeliacha kama alivyolisema. Msije mkalitupa."

Jumatatu iliyofuata alifungua sanduku akatoa sare. Alitusindikiza hadi ukingoni, na pale akaachia mikono yetu. Niliuona uso wake ukibadilika wakati vidole vilipoachana. Alisema yeye atabaki upande huu na sisi tuvuke wenyewe, na tukishavuka tusigeuke kumtazama, kwa sababu mtoto anayegeuka kumpungia mama yake hurudi barabarani bila kujua. Nilimshika Anjela. Tukasema maneno yetu. Lori likapita, tukangoja mkia wake, baiskeli ya kwanza, ya pili, na mzee wa mwisho aliyekuwa na kuku kwenye kapu. Tukavuka. Watoto wa ukutani walitutazama na safari hii hakuna aliyecheka. Yule wa mzaha akasema tu, "Sasa mumejua," akasogea tukae. Sikugeuka. Lakini Mama Riziki aliniambia baadaye kwamba Mama alibaki amesimama pale pale, mikono imeinuka kidogo mbele yake, mpaka kengele ya shule ilipolia.

Mama aliugua mwaka huu, ugonjwa wa kawaida wa watu wazima, presha, na alifia kitandani kwake, akiwa na sisi wote wawili. Tunashukuru kwa hilo. Makaburi ya kanisa letu yako ng'ambo, upande wa ziwa, alikozikwa Baba. Kwa hiyo tulipombeba ilibidi avushwe. Wanaume waliteremka na jeneza mabegani, na nyuma yao tukaja sisi na wanawake wa kwaya, na Mama Riziki ambaye sasa anatembelea fimbo. Tulipofika ukingoni, kijana mmoja alikuwa amesimama katikati ya lami na tawi la mchikichi kuzuia magari. Magari ya karibu yalikuwa yamesimama. Wanawake walikuwa wameanza kulia kwa sauti, na watu walikuwa wanasukumana kuingia barabarani, kwa sababu waliona magari yamesimama na waliambiwa piteni.

Anjela alinyoosha mkono wake mbele ya watu wote, kama mlango. Ni mwanamke mzima sasa, ana watoto wake, hana maneno mengi. "Huku hatuanzi na kulia," alisema.

Waliokuwa hawatujui walidhani anawanyamazisha, nao wakanyamaza. Mama Riziki alijua. Niliona bega lake likitikisika. Wabebaji wakasimama na jeneza, na pale ukingoni, katika kimya kile, tukageuza vichwa kushoto, kulia, kushoto tena, tukiwa tumeuzunguka mwili wa Mama. Ndipo tukamvusha. Tulipofika ng'ambo, Anjela aliachia mkono wangu, akalia.

Leo barabara ile ina magari mengi kuliko wakati wetu, na pikipiki zinazopita pande zote mbili kama nzi. Ndagala wengi sasa huanikwa juu ya vichanja vya waya, mbali kidogo na lami, lakini harufu haijahama. Ile mistari myeupe ya soko imefutika, ikapakwa, ikafutika tena, na magari bado yanapitana juu yake. Watoto wangu wamezaliwa hapa. Wanasema kushoto, kulia, kushoto tena, mbio mbio, kama unavyosema jina lako, na shingo zao zinakwenda zinakotakiwa bila kuamrishwa. Hawajui kwamba kuna nchi ambako maneno hayo yangewaua. Nimewaambia, lakini hawajashika. Binti yangu mkubwa anataka kwenda Kigoma kufanya biashara, nami nimemwimbia wimbo wa zamani, ule wa Baba, nikamwambia akifika kule aanze nao. Akacheka akasema, "Mama, hicho ni kitu kidogo." Nilimwambia ndiyo, ni kidogo. Nikamwimbisha tena mpaka akauweza.

Asubuhi nateremka na mdogo wake hadi ukingoni. Nasikia matairi kwa mbali, mlio ule wa kitambaa. Namwachia mkono, nasubiri. Shingo yangu, kabla sijaiambia lolote, huenda kulia. Mara nyingi upande ule hakuna kitu, ni lami tu na labda mbuzi wa mtu. Naitazama kidogo barabara hiyo tupu, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho alichokiona Baba. Kisha nasema kwa sauti, kama Mama, "Kushoto," nageuka.